Hukumu ya Pili: Nyimbo za Mauaji na Mwanamke Anayeimbwa

Nyimbo-simulizi za Marekani zinazohusu mauaji yaliyotokea kweli zimezoeleka kusifiwa kuwa kumbukumbu ya umma. Makala haya yanashikilia kwamba sifa hiyo ina upungufu. Aghalabu wimbo wa aina hii haulihifadhi tukio bali huliingiza katika ruwaza iliyotangulia kuwapo, na mwenye kuumia ni mwanamke.

Tuchukue "Tom Dooley" mathalani. Mwaka 1866, katika Kaunti ya Wilkes, North Carolina, msichana Laura Foster aliuawa kwa kisu. Thomas Dula, aliyekuwa askari wa majimbo ya Kusini, alitiwa hatiani mara mbili, akanyongwa mjini Statesville mwaka 1868. Rekodi ya Kingston Trio ya mwaka 1958 ndiyo iliyoueneza wimbo huo duniani. Katika beti zake jina la mhukumiwa hurudiwa kila kiitikio kinaporejea, ilhali marehemu hana jina. Kiitikio, ambacho ndicho chombo cha kuishirikisha hadhira, hapa kinaishirikisha katika kumlilia mwanamume peke yake.

"Frankie and Johnny" una uzito zaidi. Mnamo Oktoba 1899, mjini St. Louis, Missouri, Frankie Baker, mwanamke Mweusi, alimpiga risasi mpenziwe, Allen Britt. Alieleza kwamba Britt alimtishia kwa kisu. Mahakama ilikubali kuwa alijihami, ikamwachilia. Wimbo haukumwachilia. Britt aligeuka kuwa Albert, kisha Johnny, kisu kikatoweka, kikabaki kisa cha mwanamke mwenye wivu amwindaye mwanamume aliyemsaliti. Katika baadhi ya matoleo Frankie huishia gerezani au kuuawa kwa amri ya sheria. Si lazima tumdhanie fanani nia mbaya. Fomula ya usaliti na kisasi ilikuwa tayari kinywani mwake, nayo huimbika kwa wepesi kuliko ushahidi.

Hapa mhakiki angeweza kujitetea kwamba ukweli wa sanaa si ukweli wa mahakama. Utetezi huo wafaa iwapo wahusika wamekwisha kufa. Lakini Frankie alikuwa hai. Aliihama St. Louis, hatimaye akaishi Portland, Oregon, na wimbo ukamfuata huko. Kampuni ya Republic ilipotoa filamu ya kisa hicho mwaka 1936, aliishtaki. Kesi ikasikilizwa St. Louis mwaka 1942, akashindwa. Alifariki mwaka 1952. Mahakama iliyowahi kumwamini haikuweza kumkinga na kiitikio. Yawezekana tukajibiwa kwamba bila wimbo asingejulikana. Ni kweli, ila hakuomba kujulikana.

Enzi za Muyaka, Mombasa na Lamu zilijibizana kwa mashairi: aliyetungiwa alikuwa na fursa ya kutunga jibu, tena kwa bahari ile ile. Frankie hakuwa na fursa hiyo, kwani ubeti wake ungetoka wapi, na nani angeuitikia?

Katika kuhakiki fasihi simulizi tumezoea kuuliza fanani ni nani, hadhira ni ipi na muktadha ni upi. Kwa kuhitimisha, tunapendekeza swali la nne: ni nani anayeimbwa, na je, anaweza kujibu? Pasipo swali hilo, mhakiki naye huwa miongoni mwa waitikiaji.