Vijidudu, Jamii na Hali ya Hewa: Uhakiki wa Sentensi Moja

Hivi karibuni tuliletewa, ili tuitolee maoni, rasimu ya kijarida kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wakulima wa mwani, wavuvi na shule za pwani. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Mabadiliko ya hali ya hewa yanaathiri jamii za vijidudu vya pwani." Kisarufi sentensi haina ila. Upatanisho umekaa sawa, na hakuna neno ambalo msomaji wa kawaida hajapata kulisikia. Hata hivyo, afisa aliyeileta alitusimulia kwamba iliposomwa kwa majaribio katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja, mama mmoja mkulima wa mwani aliuliza papo hapo: "Basi dawa ya kuwaua hao wadudu italetwa lini?"

Swali lile halikuwa la ujinga. Lilikuwa tokeo la haki la maneno aliyosomewa. Aliambiwa kuna vijidudu, na mkulima akiambiwa kuna wadudu shambani hutafuta dawa. Lakini kijarida kilikusudia kusema karibu kinyume chake: kwamba viumbe hao wadogo wasioonekana ndio wanaoiweka bahari katika hali ya uzima, na kwamba joto linavuruga mpango wao. Makala haya yanakusudia kuichambua sentensi hiyo neno kwa neno, kwani makosa yake si ya mfasiri mmoja. Yamo katika vitabu vya shule, katika hotuba na katika nyaraka za ofisi, na baadhi yake tumeyaruhusu sisi wenyewe tunaoshughulika na istilahi.

Hali ya hewa au tabianchi?

Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho: mvua, mawingu, upepo, joto la mchana. Tabianchi ni mwenendo wa mambo hayo kwa muda mrefu, na wataalamu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani huupima kwa wastani wa miaka 30. Mtu wa pwani akiambiwa hali ya hewa inabadilika, hajaambiwa jambo jipya. Hali ya hewa hubadilika kila mwaka mbele ya macho yake, kaskazi ikipisha kusi na kusi ikipisha kaskazi, naye amepanga safari na kilimo chake kwa mabadiliko hayo tangu enzi za mababu. Anachopaswa kuambiwa ni kwamba ule mwenendo wenyewe aliouzoea ndio unaohama.

Kuna kasoro ya pili, ambayo aghalabu haitajwi. Neno "hewa" humfanya msikilizaji atazame juu, ilhali sehemu kubwa ya habari hii iko chini, majini. Katika joto la ziada lililolimbikizwa duniani tangu miaka ya 1970, zaidi ya asilimia 90 limeingia baharini. Kwa hiyo istilahi inayoitaja hewa peke yake huificha bahari mahali hasa ambapo bahari inahusika.

Wapo watakaosema kwamba tabianchi nayo ina kasoro hiyo hiyo, kwa kuwa nchi ni nchi kavu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si mkubwa. Maneno mawili yakishaungana kuwa istilahi moja, sehemu zake hupoteza nguvu ya maana ya awali, na tabianchi imekwisha kuzoeleka katika sheria, magazeti na madarasa. Tuitumie, na tuongeze waziwazi maneno "joto la bahari" pale tunapozungumzia bahari.

Vijidudu

Hapa ndipo penye dosari kubwa. Katika somo la biolojia mwanafunzi hufundishwa kwamba mdudu ana miguu sita. Bakteria hana mguu hata mmoja. Kadhalika, katika lugha ya zahanati na mabango ya afya, kijidudu ni adui: huletwa na uchafu na huondolewa kwa sabuni. Ndiyo maana yule mama aliuliza habari za dawa.

Tusijilaumu kupita kiasi kwa chanzo cha kosa hili. Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek, alipowaona bakteria kwa hadubini yake mwaka 1676, naye aliwaita wanyama wadogo, kwa kuwa lugha yake haikuwa na jina lingine. Lakini tangu wakati huo maarifa yamekua, na jina halina budi kuyafuata. Leo tunajua kwamba mililita moja ya maji ya bahari huwa na bakteria wapatao milioni moja. Anayeogelea asubuhi na kumeza kijiko kimoja cha chai cha maji ya chumvi amemeza milioni tano hivi, naye huenda akaenda zake salama. Wengi mno kati yao hawana dhara kwa binadamu. Viumbe wadogo wa majini wanaotumia mwanga wa jua hutengeneza takriban nusu ya chakula chote cha asili kinachotengenezwa kwa mwanga duniani. Katika matope ya mikoko, bakteria ndio wanaoozesha majani yaliyoanguka, na ile harufu ya yai viza inayompata mkata kuni akikanyaga tope ni hewa itokanayo na kazi yao. Kuviita viumbe hivi vijidudu ni kumwita mpishi mwizi kwa sababu tu ameonekana jikoni.

Yapo maneno mengine yaliyopendekezwa au yanayotumika. "Viini" halifai, maana kiini katika biolojia ni kitovu cha seli, na wanafunzi wamekwisha kulizoea hivyo. "Vimelea" ni viumbe vinavyoishi kwa kuvinyonya vingine. Ni jina la tabia moja, si la kundi zima. "Mikrobu" halina ubaya, lakini halimwelezi chochote asiyejua lugha za kigeni. Lililobaki ni "vijiumbe", ambalo limekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma katika istilahi "vijiumbe maradhi". Neno hili limeundwa kwa kanuni ya Kiswahili yenyewe, kiumbe kwa kiambishi cha udogo, na lina faida mbili. Kwanza, linakubali kugawanywa: vijiumbe ni wote, vijiumbe maradhi ni wale wachache waletao ugonjwa. Pili, halisemi "hai", na kwa hiyo linaweza kuwachukua hata virusi, ambao wataalamu wanabishana kama wana uhai au hawana. Atakayesema kwamba sisimizi naye ni kiumbe kidogo atajibiwa kwa fasili: kijiumbe ni kile kisichoonekana bila hadubini.

Jamii au jumuiya?

Mwalimu akisema "jamii ya mikunde", anakusudia maharage, kunde na choroko, yaani mimea yenye nasaba moja. Akisema "jamii ya paka", anamtia simba na chui humo humo. Kwa hiyo "jamii za vijidudu" kwa mwanafunzi ni aina za vijidudu, zilizopangwa kwa ukoo. Sicho kilichokusudiwa. Kilichokusudiwa ni viumbe wa koo mbalimbali wanaokaa mahali pamoja na kutegemeana, kama majirani wa mtaa mmoja.

Twapendekeza "jumuiya". Neno hili tayari lina maana ya watu au nchi zisizo za ukoo mmoja zilizounganishwa na mahali na manufaa, kama katika jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tofauti hii si ya mapambo. Tulitazame tumbawe. Ndani ya mwili wa mnyama huyo mdogo wamo vijiumbe wa jamii ya mwani, ambao kwa makala haya tutawaita vijimwani. Vijimwani hao humpa tumbawe rangi na sehemu kubwa ya chakula chake, naye huwapa makazi. Nasaba yao ni mbali kabisa, lakini jumuiya yao ni moja. Maji yakizidi joto la juu la kawaida kwa kadiri ya nyuzi moja tu, na hali hiyo ikidumu kwa majuma kadhaa, jumuiya huvunjika: vijimwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Hayo yalitokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, na Mafia ni miongoni mwa mahali palipopata hasara kubwa. Yakatokea tena mwaka 2016.

Jambo hilo huitwa kupauka kwa matumbawe, nalo ni jina zuri, kwa kuwa lasema anachokiona mvuvi. Lakini baadhi ya waandishi huandika "kufa kwa matumbawe", na hili ni kosa lenye madhara. Tumbawe lililopauka bado li hai. Joto likipungua mapema, vijimwani huweza kurudi. Aliyeambiwa kwamba mwamba umekufa haoni sababu ya kuacha kuuvunja kwa ajili ya chokaa.

Yanaathiri

Kitenzi hiki kimekuwa kimbilio la mfasiri asiyetaka kuuliza zaidi. "Yanaathiri" kwa namna gani? Joto haliwatendei vijiumbe wote jambo moja. Bakteria wa kundi la vibrio, ambamo yumo yule wa kipindupindu, hustawi maji yanapopata joto. Hata katika Bahari ya Baltiki, yenye baridi, joto kali la kiangazi cha mwaka 2014 lilifuatwa na wagonjwa wa vibrio huko Uswidi na Ufini. Vijimwani wa matumbawe, kwa upande wao, huhama. Wa tatu hawaongezeki tu wala hawahami: hubadili mwenendo. Hawa ndio wanaomhusu yule mama.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, hasa Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Tangu miaka ya 2000 aina ya mwani yenye bei kubwa zaidi, iitwayo cottonii, imekuwa ikishindwa kustawi katika maji mafupi. Mashina hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ufilipino katika miaka ya 1970, na jina lake la Kiingereza hulitaja barafu mara mbili kwa sababu ya weupe ule. Mfasiri atakayeandika "ugonjwa wa barafu" atakuwa amemwambia mkulima wa Paje kwamba baridi ndiyo iliyomharibia, ilhali joto ni miongoni mwa sababu kubwa. Maji yakizidi joto au chumvi ikibadilika, mwani hudhoofu. Ndipo bakteria, ambao baadhi yao walikuwa wakiishi juu yake siku zote bila ugomvi, hupata nafasi ya kuula. Twapendekeza "ugonjwa wa weupe wa mwani".

Hapo ndipo jibu la swali la dawa lilipo. Hakuna dawa ya kunyunyiza baharini. Yaliyojaribiwa ni kuuhamishia mwani kwenye maji ya kina kirefu zaidi, yasiyopata joto upesi. Sentensi iliyofasiriwa vizuri ingemwelekeza mkulima huko. Iliyofasiriwa vibaya ilimwelekeza kwenye duka la dawa za wadudu.

Pwani

Katika sentensi nzima, neno hili peke yake halina lawama. Pwani ni mahali pa kupwa, ambapo maji hutoka na kurudi, na Kiswahili kililitia jina hilo bila msaada wa kamati yoyote. Twalitaja ili tukumbuke kwamba istilahi njema ni ile ambayo mtu akiitazama anaona kitu chenyewe.

Mapendekezo

Tunaonelea sentensi ile iandikwe hivi: "Tabianchi inapobadilika na bahari kupata joto, jumuiya za vijiumbe wa maji ya pwani huvurugika: wengine huzidi, wengine huondoka, na wengine waliokuwa hawadhuru huanza kudhuru." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini mfasiri halipwi kwa kufupisha ukweli.

Lawama nyingine ni yetu. Mfasiri aliyeandika "vijidudu" alikuwa na siku chache za kumaliza kazi, na hakuwa na orodha mkononi ya kumwonyesha neno lingine. Istilahi inayokaa kwenye jalada la ofisi haimsaidii mtu yeyote aliyesimama majini hadi magotini akifunga mwani kambani. Walimu na wafasiri wanaombwa wayajaribu maneno vijiumbe, vijimwani, jumuiya na weupe wa mwani mbele ya wasikilizaji wao, kisha watuandikie ni lipi lililoeleweka na lipi lililozua swali. Swali la yule mama ndilo lililotuonyesha kosa. Yafaa tuyatafute mengine kama hilo kabla ya kupiga chapa.