Mali Bila Daftari: Santuri za Jazi za Tanga

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa zaidi na wenye maduka, lakini katika makala haya tunakusudia kuitumia kupimia mali ya namna nyingine, nayo ni santuri zilizopigwa na bendi za jazi za mji wa Tanga katika miaka ya 1960 na 1970. Tangu miaka ya 1980 nyimbo hizo zimekuwa zikitolewa upya huko Ulaya na Marekani, na watu wa mataifa mengine huzinunua, huzisikiliza na huzisifu. Jambo hili ni la kufurahisha. Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza maswali mawili. Anayesikiliza matoleo hayo anapata nini katika kazi ya wasanii wetu, na anakosa nini? Na hicho anachokikosa, nani aliyepaswa kukihifadhi?

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Jazi ya Marekani, ambayo santuri yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1917, ni muziki wa Wamarekani weusi, wenye tarumbeta, piano na ufundi mkubwa wa kubuni sauti papo hapo. Hapa kwetu neno hilo liligeuka likawa jina la bendi ya dansi. Bendi ikijiita Jazz haikuwa na maana kwamba inapiga muziki wa New Orleans. Maana yake ilikuwa kwamba inapiga magitaa, besi, ngoma na saksafoni kwa watu wanaocheza ukumbini. Na mapigo yenyewe yalitoka zaidi Cuba kuliko Marekani, kwa njia ya santuri za mfululizo wa GV ambazo kampuni ya His Master's Voice ilianza kuzitoa mwaka 1933, na ambazo zilienea sana katika Afrika. Kwa hiyo asije mtu akazipima santuri za Tanga kwa kipimo cha Louis Armstrong, akaziona pungufu. Kipimo chake ni rumba iliyovaa Kiswahili.

Kwa nini basi Tanga ikawa mji wa bendi? Jibu liko mashambani. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893, na katika muda wa miaka michache mashamba yakaenea kutoka Pangani hata Muheza na Korogwe. Mashamba hayo yalivuta watu kutoka pande zote: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, wote wakaitwa manamba. Watu hao walikuja na ngoma zao, lakini palipokuwa na makabila kumi katika kambi moja, ngoma ya kabila moja haikuweza kuwachezesha wote. Dansi iliweza, na lugha ya dansi ilikuwa Kiswahili. Jamhuri Jazz Band, iliyo mashuhuri kupita zote za Tanga, ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na baada ya nchi kuwa Jamhuri ikaliacha jina la kabila ikachukua jina la taifa. Msomaji atafakari mabadiliko hayo ya jina, kwani ndani yake imo historia nzima ya utamaduni wetu mpya. Pamoja nayo ilikuwapo Atomic Jazz, ambayo majina ya Stephen Hiza na John Kijiko hutajwa nayo, na ambayo wimbo wake "Tanzania Yetu" ulisikika sana redioni.

Wala jazi haikuwa peke yake mjini. Vilabu vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilichukua gitaa na besi za umeme kutoka kwa wenzao wa dansi, vikaacha ukubwa wa okestra ya Unguja, vikaunda taarabu nyepesi ya kundi dogo ambayo iliigwa Mombasa na kwingineko. Marehemu Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016, aliimba katika vilabu hivyo vyote viwili. Mtu anayetaka kuielewa jazi ya Tanga bila kuisikiliza taarabu yake atakuwa ameshika ncha moja ya kamba.

Sasa tuitazame santuri kama chombo cha sanaa. Uso mmoja wa santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, kwa kawaida ulichukua dakika tatu hivi. Mshairi wa magazetini akiwa na beti kumi ataziandika zote kumi, lakini mtunzi wa bendi hakuwa na nafasi hiyo. Ilimpasa kulisema jambo lake kwa beti mbili au tatu, akaacha mahali pa gitaa na mahali pa wachezaji. Ufinyu huo ulizaa ufundi. Mishororo ikawa mifupi, mizani kumi na sita ikavunjwa, na kazi ya kibwagizo ikagawanywa baina ya waitikiaji na gitaa la kwanza. Sisi tuliolelewa katika vina na mizani tulizoea kuzidharau nyimbo hizi tukisema hazina arudhi. Tulikosea, kwa sababu tulizisoma badala ya kuzisikiliza. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba pale mwimbaji anapokatisha mshororo, gitaa huumalizia, na mizani hutimia. Shairi liko nusu katika maneno na nusu katika nyuzi.

Ndiyo sababu tunasema kwamba santuri hizi ni vitabu. Na vitabu hivi havikupigiwa chapa nyumbani. Biashara ya santuri ilikuwa Nairobi na Mombasa, na bendi za Tanga, kwa kuwa zilikuwa karibu na mpaka, zilivuka kwenda kurekodi. Kule Mombasa duka la Assanand na Wanawe lilitoa santuri kwa alama ya Mzuri, na taarabu za Tanga zilikuwa miongoni mwa bidhaa zake. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilizirekodi bendi katika kanda, lakini kwa ajili ya kutangaza, si kwa ajili ya kuuza. Mwezi Februari mwaka 1977, baada ya kuyumba kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo njia ya santuri ilikatika, na ilipofunguliwa, kaseti ilikwisha kushika soko. Kwa hiyo umri wa santuri ya Tanga ni mfupi, na nakala zake nyingi zilibaki upande wa pili wa mpaka. Mtoto akizaliwa ugenini, cheti chake hubaki huko huko.

Tuje kwenye matoleo mapya. Mwaka 1987 John Storm Roberts, kwa kampuni yake ya Original Music huko Marekani, alitoa mkusanyo ulioitwa The Tanzania Sound, ambamo bendi za Tanga zimepangwa pamoja na zile za Morogoro na Dar es Salaam. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa Nyota, mkusanyo wa taarabu za Black Star na Lucky Star. Halafu ukaja mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda ya Ufaransa, chini ya mwongozo wa Werner Graebner, Mjerumani aliyetumia miaka mingi katika pwani hii akiuliza na kuandika. Toleo la tatu, la mwaka 2007, ni la sauti za Tanzania za miaka ya 1960, na la kumi, la mwaka 2021, ni la taarabu za Mombasa na Tanga.

Haki lazima itendeke. Bila watu hawa, nyingi ya nyimbo hizi zingekuwa kumbukumbu tu katika vichwa vya wazee. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mkusanyo wa namna hii una tabia zake, na mhakiki hana budi kuzitaja. Mkusanyaji huchagua kwa sikio la mnunuzi wake, na mnunuzi huyo hajui Kiswahili. Hivyo wimbo wenye gitaa tamu na maneno ya kawaida huingia, na wimbo wenye fumbo zito na gitaa la kawaida huachwa nje. Maelezo ya jalada huandikwa kwa lugha za kigeni, na maneno ya nyimbo, hata yanapofasiriwa, hutokea kama muhtasari wa maana. Fumbo halina muhtasari. Ukiambiwa kwamba wimbo fulani ni wa kumlalamikia mpenzi, hujaambiwa kitu, kwani nusu ya nyimbo zetu ni hivyo. Thamani yake imo katika namna alivyolalamika.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa majina, na huu si wa wageni bali ni wetu. Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi ya kulitaja jina la mtunzi, na mara nyingi tarehe, katika beti za mwisho. Ndivyo tunavyowajua watu kama Hemedi bin Abdallah wa Buhriy, wa Tanga hii hii, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Miswada ya tenzi ilikusanywa na watu kama J. W. T. Allen, na mingi imewekwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siti binti Saad naye, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alipata bahati ya kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui karibu na Tanga. Lakini itazame karatasi ya duara iliyo katikati ya santuri ya jazi: utaona jina la bendi, jina la wimbo, pengine jina la mtunzi, basi. Nani alishika gitaa la pili? Nani alipuliza saksafoni? Siku gani? Hakuna.

Wapenzi wa jazi ya Marekani hawakukubali hali hiyo. Mwaka 1936 Mfaransa Charles Delaunay alichapisha kitabu kizima cha kuorodhesha santuri za jazi pamoja na wapigaji wake na siku za kurekodi. Leo mtu anaweza kujua nani alikaa kwenye piano mchana fulani huko Chicago karibu miaka mia moja iliyopita. Sisi hatuwezi kujibu swali dogo zaidi. Wilson Kinyonga, ambaye pamoja na nduguye George waliunda Simba Wanyika na kutia alama isiyofutika katika muziki wa Kenya, alianzia katika Jamhuri Jazz mwaka 1966. Ni santuri zipi za Jamhuri zenye mkono wake? Swali hili si la udadisi tu. Ndilo lingetuonyesha jinsi gitaa la Tanga lilivyozaa gitaa la Nairobi.

Tunayasema haya tukijua kwamba lawama inaanzia kwetu. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya umma, tulipewa kazi ya kuandaa orodha ya vifaa chakavu vya kuteketezwa. Miongoni mwa viti vilivyovunjika na mashine za chapa zilizokufa palikuwa na kasha la santuri. Hatukulifungua kuzisoma. Tuliandika katika orodha: santuri mbovu, kasha moja, tukatia saini, na kasha likaenda na viti. Daftari lilikuwapo, tena lilijazwa kwa mwandiko mzuri, lakini lilihesabu makasha na halikutaja wimbo hata mmoja. Tangu siku hiyo, kila tunaposikia santuri ya Tanga ikitolewa upya ng'ambo, hujiuliza kama nakala yake haikuwamo katika kasha lile.

Bado muda haujapita wote. Siku moja tulimpelekea mzee mmoja wa Ngamiani mkusanyo uliotolewa ng'ambo, tukaupiga sebuleni kwake. Kabla ubeti wa kwanza haujakwisha alikwisha kututajia mpigaji wa gitaa la pili, nyumba waliyofanyia mazoezi, na mwanamke aliyekuwa akisutwa katika wimbo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa kwenye jalada. Tuliandika tulivyoweza. Wiki tatu baadaye tulirudi na nyimbo nyingine, tukamkuta hajiwezi kwa maradhi, na hatukupata tena fursa ya kumwuliza.

Pendekezo letu ni dogo, wala halihitaji kiwanda wala fedha nyingi. Kwanza, maafisa utamaduni wa wilaya za Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe wawe na daftari la santuri, ambamo kila wimbo unaopatikana utaandikwa maneno yake yote kwa Kiswahili, jina la mtunzi, majina ya wapigaji, na jina la aliyeyatoa maelezo hayo. Pili, nakala ya daftari iwekwe katika maktaba ya mkoa, na kanda za zamani za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, zilinganishwe nalo. Tatu, daftari hilo litumike katika haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi na inamtambua mpigaji, lakini sheria haiwezi kumlipa mtu asiye na jina. Mjane wa mpiga besi hawezi kudai chochote ikiwa hakuna karatasi inayosema kwamba mumewe alipiga besi.

Walimu wa fasihi nao wana sehemu yao. Wimbo wa dakika tatu ukiandikwa maneno yake yote unaweza kusomeshwa darasani kando ya shairi la vina, na wanafunzi wakaonyeshwa pale gitaa linapomalizia mshororo. Wageni wametuhifadhia sauti, na tunawashukuru. Majina na maneno hawakuweza kutuhifadhia, kwa sababu yalikuwa vinywani mwa wazee wetu, nasi ndio tuliokuwa tukikaa nao barazani.