Mgeni wa Majira ya Baridi na Insha ya Mtoto wa Katwe

Katika uhakiki wetu, riwaya imepata haki yake, tamthilia imepata haki yake, na ushairi umepata haki yake na ziada. Insha ya safari haijapata. Sisi walimu huifundisha kila mwaka, huisahihisha kwa wino mwekundu, kisha huisahau, kana kwamba haina fani na maudhui yake, wala haina ukoo wake katika fasihi. Makala haya yanakusudia kuihakiki, na hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe.

Katika shule moja mjini Kampala tuliwapa wanafunzi mada ya kawaida, nayo ni “Matembezi Niliyoyapenda”. Msichana mmoja akaaye Katwe aliandika kurasa tatu juu ya maporomoko ya Murchison. Maji yalinguruma kama simba, twiga walimkaribisha kwa shingo zao, na jua likazama kama sarafu ya dhahabu. Upatanisho wa ngeli ulikuwa hauna doa. Tukampa alama 16 kati ya 20, tukamsomesha insha yake mbele ya wenzake. Siku ya pili tukamwuliza alikwenda huko na nani. Akainamisha kichwa. “Mwalimu, mimi sijafika kule. Nilisoma karatasi ya wageni.”

Hatukumkemea, maana kubuni si dhambi katika sanaa. Lililotushughulisha ni jicho alilotumia. Mtoto huyu, ambaye kila asubuhi hupita katikati ya mafundi vyuma mashuhuri kuliko wote mjini, alipoambiwa aandike kwa Kiswahili alidhani kwamba lugha hii ina kazi moja tu, ya kusifu mambo wanayoyatazama wageni. Tangu mwaka 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipoamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, jambo hili si dogo tena. Maelfu ya watoto watajifunza insha katika lugha hii, nao watauliza, hata kama hawatatamka, lugha hii ni ya kusemea nini.

Basi tumtazame huyo mwenye jicho. Ni mgeni wa majira ya baridi. Kwao siku ni fupi na barabara zina theluji, naye hushuka kusini kama mbayuwayu, akakaa majuma au miezi palipo na jua. Hapa petu, karibu na mstari wa ikweta, hakuna majira ya baridi, na Januari ni mwezi wa kiangazi na vumbi. Zamani mgeni aliyetoka uwanja wa ndege wa Entebbe alikuwa hana njia kuu ila ile inayopita Kibuye na kuigusa Katwe, akapenda asipende. Mwaka 2018 ilifunguliwa barabara mpya ya kasi, na sasa aweza kushuka, kulala, kwenda kutazama sokwe na kurudi kwao bila kuisikia nyundo hata moja. Hatuilaumu barabara. Twasema tu kwamba karatasi ya wageni nayo imejengwa kwa ramani hiyo hiyo.

Jicho hili lina historia. Katika majira ya baridi ya 1907, Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni, alisafiri Afrika Mashariki, akaja Kampala, akaonana na Kabaka Daudi Chwa aliyekuwa mtoto wa miaka 11. Kitabu chake, My African Journey, kilitoka 1908. Ndani yake Uganda yalinganishwa na nchi za ngano za watoto, ile ya mvulana apandaye mharagwe mpaka mawinguni, ila hapa mharagwe ni reli. Mwandishi huyo alikuwa na ufundi wa sentensi, hatubishi. Lakini ngano ina sifa moja ambayo mhakiki hapaswi kuiacha ipite, kwamba nchi ya ngano haina historia yake mpaka mgeni awasili. Na kurasa chache baadaye mwota ndoto huyo huyo anahesabu pamba, anapanga reli ya kuunganisha maziwa, na anaisihi serikali yake iitie nguvu Uganda kuliko makoloni mengine. Kwanza nchi husifiwa hata ikapoteza uzito, kisha huchukuliwa kwa urahisi. Jua lizamalo kama sarafu ya dhahabu, katika insha ya mwanafunzi wetu, lina ukoo huo, ingawa yeye mwenyewe hakuujua.

Siku hizi mgeni wa majira ya baridi ana aina nyingine ya maandishi, fupi mno, nayo yastahili kutazamwa kwa utulivu kwa sababu si mbaya yote. Kuna mchezo uitwao jiokashingi. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuzitia kosa la makusudi ishara za setilaiti zake, na raia wa kawaida wakaweza kujua mahali walipo kwa usahihi ambao hapo awali ulikuwa wa wanajeshi. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer wa jimbo la Oregon akaficha ndoo porini, akatia ndani vitu vidogo na daftari, akatangaza nambari za mahali. Wengine wakaitafuta, wakaipata. Kanuni zake ni kwamba ukichukua kitu uache kitu, na uandike katika daftari. Tangu hapo makasha yamefichwa duniani kote, na wastaafu wengi wa nchi za baridi hujaza siku zao za kusini kwa kuyatafuta, leo kasha, kesho jumba la makumbusho, kesho kutwa kasha tena.

Daftari la kasha ni insha ya safari iliyokamuliwa ikabaki tone. Tarehe, jina, shukrani kwa aliyeficha, basi. Hakuna simba angurumaye wala sarafu ya dhahabu. Nalo lina uadilifu ambao insha tuliyoipa alama 16 haikuwa nao, kwa kuwa haliwezi kuandikwa na mtu ambaye hakufika. Mwandishi ameshika kitu kwa mkono wake. Zaidi ya hayo mchezo humtoa mgeni garini, ukampeleka kwa miguu mahali ambapo karatasi ya wageni haipataji, chini ya daraja, nyuma ya ukuta, kando ya mti usio na sifa yoyote. Kwa hayo mawili twausifu.

Kasoro yake imo katika msamiati. Wachezaji wana jina la mtu asiyeujua mchezo, mpita njia au mkazi wa mahali. Wameliazima kutoka riwaya za Harry Potter za mwandishi J. K. Rowling, ambamo lamaanisha mtu asiye na uchawi. Mtu huyo haambiwi neno. Mchezaji hungoja apite, au hujifanya anafunga kamba za kiatu, au anazungumza na simu. Mhakiki akisoma maandishi yoyote hana budi kuuliza ni nani aliyemo na ni nani aliyetolewa nje, na hapa jibu liko wazi, kwa sababu mwenyeji ametolewa nje kwa kanuni.

Tujaalie mgeni huyo ashuke Katwe. Huko vipande vya mapipa hunyooshwa vikawa majiko, alumini chakavu huyeyushwa ikamiminwa katika vifinyanzi vya mchanga ikawa sufuria, malango ya nyumba za matajiri huunganishwa kando ya barabara huku cheche zikirukia miguu ya wapitao. Watu wako karibu karibu, na kila mmoja ana macho. Mtu mgeni hawezi kuinama nyuma ya rundo la vyuma kwa dakika mbili asiulizwe, “Ssebo, onoonya ki?”, yaani, Bwana, unatafuta nini? Swali hilo ni la adabu, tena ni mwanzo wa safari ya kweli, kwa kuwa ajibuye ataonyeshwa na kuketishwa, na yamkini atauziwa jiko. Mchezo wamtaka alikwepe. Kwa hiyo Katwe imeupindua mchezo: atafutaye ndiye aliyekuwa kasha, naye amekwisha kupatikana.

Wako wageni waliokuja Katwe kwa makusudi, hasa baada ya filamu Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair na kutegemea kitabu cha Tim Crothers cha 2012. Ni kisa cha Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi aliyefundishwa sataranji na Robert Katende akafika mashindano ya dunia. Mira Nair si mgeni wa majira; ameishi Kampala miaka mingi, na kamera yake yajua rangi za soko na namna mtu anavyobeba maji juu ya utelezi. Kwa fani filamu hii imeishinda karatasi ya wageni kabisa. Kwa maudhui tuna shaka moja. Kila ushindi wa Phiona ni hatua ya kuondoka Katwe, na utulivu wa mwisho ni nyumba iliyo mbali na pale. Hatumwombei mtu abaki katika mafuriko. Lakini mtazamaji hutoka ukumbini akiamini kwamba Katwe ni mahali ambapo jambo jema kubwa ni njia itokayo. Mafundi, ambao wametengeneza vyombo vya nusu ya jiji na hawana nia ya kuhama, kisa hakiwahitaji.

Jambo lililotusisimua katika kisa hicho ni lingine. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Khanty-Mansiysk, katika Siberia. Mtoto wa Katwe katika nchi ya baridi! Mgeni amegeuzwa. Na hapo tukakumbuka kwamba Kiswahili kilikwisha kufika Siberia miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na walimu wengi hawakisomeshi kitabu hicho.

Salim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 pamoja na mwajiri wake Mjerumani, Bumiller, wakapita Urusi, wakaingia Siberia, wakateremka hadi nchi za Waislamu wa Asia ya Kati. Masimulizi yake yalichapwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Huyu ni mtumishi, si waziri. Hana nchi ya kuichukua wala reli ya kuipanga. Anatazama huku akitazamwa, kwani wenyeji wengi wa huko walikuwa hawajamwona mtu mweusi, naye hafichi mshangao wao wala wake. Sentensi zake ni fupi, hazina tashibiha nyingi. Anataka kujua watu wanakula nini, wanalala wapi, wanasali vipi. Mwenyeji hakwepwi katika maandishi haya, kwa sababu msafiri asiye na cheo hawezi kufika popote bila kuuliza.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Kilima cha Mengo kinaitazama Katwe kwa karibu. Mwaka 1902 Katikiro Apolo Kagwa alikwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na katibu wake Ham Mukasa akaandika safari hiyo kwa Kiganda. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1904. Mfalme akaugua, sherehe ikaahirishwa kutoka Juni hadi tarehe 9 Agosti, nao wakapata siku nyingi za kutazama. Mukasa anastaajabu sana, pengine kupita kiasi, na heshima yake kwa wenyeji wake wakati mwingine yamfunga ulimi. Lakini akikutana na kitu kikubwa hukitafutia kipimo cha nyumbani, ili msomaji wa Buganda akione. Anajua anamwandikia nani. Karatasi ya wageni haimwandikii mtoto wa Katwe, na hiyo ndiyo sababu kila neno alilolichukua humo lilimpwaya.

Tulimwita yule msichana tukampa mada upya, kwa masharti mawili. Asiandike mahali asipofika, na asiandike jambo ambalo hakumwuliza mtu. Alirudi na kurasa mbili juu ya kibanda cha mjomba wake. Humo ameeleza jinsi mchanga unavyopimwa unyevu kwa kuufinya kiganjani, kwa nini sufuria ya kumiminwa ni nzito kuliko ya kiwandani na kwa nini wapishi wa harusi huipenda, na kijana yupi aliungua mkono na sasa anauza tu. Tashibiha imo moja, nayo ni ya mjomba. Sarufi ilikuwa mbovu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa magumu. Mara tatu aliandika “sefuliya”, kama lisemwavyo neno hilo kwa Kiganda, na mwalimu mwenzetu mmoja akataka akatwe alama kila mara. Mwingine akakumbusha kwamba neno ni letu, limekwenda Buganda na biashara likabadili mavazi. Tulibishana mpaka kengele ikalia.

Mwisho tulimpa 14, mbili pungufu ya zile za Murchison. Katika karatasi ya kusahihishia tuna nafasi ya hijai, ya ngeli, ya uakifishaji na ya methali. Hatukupata mahali pa kutia yale aliyoyauliza.