Nyumba za Kasongo ya zamani: tuzichore namna gani?

Kila tunapozungumza juu ya Kasongo ya zamani, swali moja linarudi: zile nyumba kubwa za Waungwana, kabla jeshi la Dhanis halijauteka mji tarehe 22 Aprili 1893, zilikuwa namna gani? Mchoraji akitaka kuzionyesha watoto wa shule, afuate ushahidi gani?

Wengi hukimbilia kitabu cha Sidney Hinde, munganga wa jeshi hilo, kilichotoka mwaka 1897. Anasema alitwaa chumba chenye urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, yaani kama meta 24 kwa 4 na nusu, na mlango wa kutokea bustani ya michungwa. Anataja vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri. Kwa mchoraji, hiyo ni mali. Lakini shahidi huyu aliingia nyumbani mwa watu kwa bunduki, na macho yake yalihesabu nyara. Wale watumwa waliobeba pembe na kulima mashamba, walilala wapi? Chumba kile hakituonyeshi.

Wengine wanatazama nyumba ya Tippu Tip iliyoko Mji Mkongwe, Unguja, wanaihamishia Maniema vile vile. Kumbe ile ni ya mawe ya matumbawe, na matumbawe hayatoki kwetu!

Basi udongo wenyewe useme. Jina Kasongo-Tongoni limekwisha kutuambia: tongo ni mahali palipohamwa. Watafiti walichimba huko, wakawasikiliza na wazee, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kazi ya namna hiyo ndiyo msingi. Tundu la nguzo huonyesha ukuta ulipita wapi, jivu huonyesha jiko, kigae hutenga chungu cha hapa na sahani ya ngambo. Hata mtu asiyeandikwa kitabuni anaweza kuonekana hapo.

Maoni yetu ni haya: kilichotoka udongoni kichorwe kwa mstari mzima, cha Hinde na cha wazee kwa vitone, kwingine paachwe peupe. Picha iliyojaa rangi kila pembe inapendeza, lakini mtoto ataiamini yote. Siye ni wajukuu wa pande mbili, wa wenye baraza na wa waliofungwa minyororo. Nyumba ya kujivunia peke yake haitutoshi. Tunataka ile ambayo kila mmoja ataona mahali muzee wake alipolala.