Ukuta wa Kramnik

Oktoba 2000, London. Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji tangu 1985, anafungua mchezo wa kwanza wa kutetea taji akiwa na kete nyeupe, na nyeupe mikononi mwake maana yake ni mashambulizi. Anayekabiliana naye ni Vladimir Kramnik, kijana wa miaka 25.

Kasparov anatumia ufunguzi wa Kihispania. Kramnik anajibu kwa ulinzi wa Berlin, mfumo wa karne ya 19 ambao wakati huo mabingwa wengi walikuwa wameutupa kapuni. Hatua ya nane, malkia wote wawili wamekwisha kutoka ubaoni. Tuutazame ubao huo vizuri, maana ufundi wote umo hapo. Mfalme mweusi amelazimika kumla malkia mwenyewe, kwa hiyo amebaki katikati na hawezi tena kukimbilia pembeni nyuma ya ngome. Askari wake wawili wamepangana safu ya c, mmoja nyuma ya mwenzake. Kete zikilana zote wakabaki wafalme na askari tu, mweusi kwa kawaida anashindwa. Mwalimu wa sataranji angemwonya mwanafunzi wake asiguse kabisa hali ya namna hiyo.

Kramnik aliitaka kwa makusudi. Malkia hayupo, basi nani atamtisha mfalme aliye katikati? Akamsogeza hadi c8, akamjengea makazi pole pole. Maaskofu wake wawili wangali hai, askari wake wamesimama imara, na Kasparov, mtu wa moto, hana kuni. Hapo ndipo ninapomvulia Kramnik kofia: alichagua uwanja ambao mpinzani wake haupendi, kisha akawa na subira ya kuishi humo saa nyingi bila papara. Kushambulia kunasifiwa sana. Kujilinda namna hii ni kugumu zaidi.

Mchezo ukaisha sare katika hatua 25. Kasparov akaugonga ukuta uleule katika mchezo wa tatu, wa tisa na wa 13. Sare, zote. Kramnik alishinda wa pili na wa kumi, akatwaa taji kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5, na Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja.

Mwenye ubao autandaze, ashike nyeusi, aupitie mchezo ule wa kwanza hatua kwa hatua. Kila mkono ukikuwasha kubadilishana kete, watazame kwanza wale askari wawili wa safu ya c.