Pongezi kwa Kamati ya Karo

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa Kakamega kilianza mwaka 1972 kikiitwa WECO, chuo cha harambee. Si ajabu basi kwamba wanafunzi wengi bado wanasomeshwa kwa harambee. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, husaidia, ila hautoshi, na mwenye nyumba hasubiri kodi yake. Hapo huingia kamati ya kijiji ya kuchangisha karo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari lake lililokunjika pembe. Kuku mmoja hupigwa mnada, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena na tena. Mimi humpenda mama mboga anayetoa shilingi 50 na kungoja jina lake lisomwe kwa sauti ileile ya mheshimiwa. Hongereni, wanakamati. Na mkidai kuonyeshwa risiti ya karo, msione haya.