Asilimia 40 au 13? Rufiji na hesabu ya faida ya utafiti

Kila panapoulizwa kama utafiti wa afya vijijini una faida, mradi wa TEHIP hutajwa. Ulifanyika katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, Tanzania, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na taarifa zake zilisema vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Tathmini nyingine ya wilaya hizohizo ilitoa asilimia 13. Hakuna aliyedanganya, maswali ndiyo yaliyotofautiana.

Tuanze na uhesabuji wenyewe. Vijijini wengi hufia nyumbani, kwa hiyo daftari la hospitali halitoshi. Rufiji, tangu mwishoni mwa 1998, wadadisi walipita kila kaya mara tatu kwa mwaka: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki? Penye msiba, aliyemuuguza marehemu alihojiwa baadaye: homa ilianza lini, mtoto alishikwa na degedege, mlimpeleka wapi? Madaktari walisoma majibu na kukadiria chanzo cha kifo.

Mzigo wa maradhi ukawekwa sambamba na bajeti. Morogoro Vijijini, malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya mzigo huo, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha. Wilaya zikapanga upya matumizi yao, na wahudumu wa zahanati wakafundishwa utaratibu wa IMCI: mtoto aliyeletwa kwa homa aangaliwe pia kikohozi, kuhara, uzito na chanjo.

Asilimia 40 ni wilaya kujilinganisha na jana yake. Kipimo hicho hakitenganishi kazi ya mradi na mabadiliko ambayo yangetokea hata bila mradi. Watathmini wa IMCI walizilinganisha wilaya hizo na jirani zao, Kilombero na Ulanga. Mwanzoni viwango vya vifo vilikaribia kulingana; katika miaka miwili iliyofuata, Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa chini kwa asilimia 13. Hata hivyo wilaya zilikuwa nne tu, na kwa njia moja ya ukokotoaji, uwezekano wa kutokuwepo tofauti yoyote haukuondolewa.

Tena Kilombero na Ulanga hazikuwa zimelala. Tangu 1997 mradi wa KINET ulikuwa ukisambaza huko vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, na vyandarua hivyo vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Ukimpima mkimbiaji kwa mwenzake anayekimbia pia, pengo litaonekana dogo.

Mzazi wa Rufiji anahusika na ile 40, maana ndiyo hali ya watoto wake. Mkurugenzi wa wilaya nyingine anayetaka kuiga IMCI aanze na 13. Lakini namba zote mbili zilipatikana kwa sababu kaya zilikuwa zikihesabiwa mapema, nyumba kwa nyumba. Mradi usiotenga fedha za kazi hiyo utamaliza na idadi ya semina zilizofanyika.